Kamba ya Mzee Chaki

Mara nane.

Mama Filimbi alikuwa bado amepiga magoti pale pale tulipomwacha Jumamosi iliyopita, futi yake ya kushonea imelala kwenye nyasi kati ya goli na nukta ya penalti, kidole gumba kimeibana kama mtu anayezuia jeraha. Futi ya fundi cherehani ina mita moja na nusu. Ameilaza mara nane. Nane kamili, haikuzidi wala haikupungua.

Mita kumi na mbili.

Na penalti, dunia nzima, hupigwa mita kumi na moja.

"Nimekosea hesabu," akajiambia. Akarudi kwenye mstari wa goli, akaanza upya, safari hii anahesabu kwa sauti. Nane. Akajaribu mara ya tatu. Nane tena.

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikunong'oneze. Mama huyu ndiye mkuu wa mashabiki wa timu iliyopanda ligi kuu mwaka huu. Ni msimu wake wa kwanza, na msimu wenyewe umekuwa kilio mwanzo mwisho. Leo ni mechi ya kufungia: kushinda au kushuka daraja. Penalti tano timu imepewa kwenye goli hili la kaskazini, mbele ya jukwaa la mashabiki wake, na zote tano mshambuliaji wao, yule mvaa jezi namba tisa wanayemwita Tisa, amezikosa. Tano! Mama Filimbi ndiye aliyesema mbele ya umati, "Hata mimi na ndala zangu ningefunga kutoka pale." Ndiye aliyeshona bango la mita kumi na nane la kumwambia Tisa aondoke. Asubuhi hii alikuja kupima uzio wa kulifunga, uwanja mtupu, akaona mpira umesahauliwa, akasema hebu nijaribu na hizo ndala. Mpira ukafia njiani. Ndipo alipovua futi shingoni.

Sasa akasikia ndoo ikitua nyuma yake.

"Siku hizi unashona nyasi?"

Ilikuwa sauti ya baba yake. Mzee Chaki, mchora mistari wa uwanja huu tangu bintiye hajaota meno. Ndoo ya chokaa mkononi, brashi kwapani, kofia imekaa upande.

"Baba. Nukta hii umeipima na nini?"

"Na kamba yangu. Ningepima na nini, na ulimi?"

"Ilete."

"Ina nini?"

"Baba, lete kamba."

Mzee akamtazama bintiye usoni, utani ukamtoka. Akaenda stoo, kile chumba cha chini ya jukwaa anamolala yeye na majembe yake, akarudi na kamba ya katani yenye msumari huku na msumari huku. Kamba hiyo haina kazi nyingine duniani. Msumari mmoja unachomwa katikati ya mstari wa goli, kamba inanyooshwa, na pale msumari wa pili unapogusa ndipo nukta inapochorwa. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia, na ndivyo alivyofanya miaka thelathini na moja.

Mama Filimbi akaipitisha kati ya vidole kama anayekagua mshono. Katikati vidole vikakwama. Fundo. Halafu kipande cheupe zaidi, kipya. Halafu fundo jingine.

"Hiki nini?"

"Ilikatika mwanzo wa msimu. Mashine ya kukata nyasi iliipitia. Nikaiunga."

"Na kipande kipya."

"Sasa ningeiunga na mate?"

"Uliipima tena baada ya kuiunga?"

Mzee Chaki akainua mikono, akaitanua. "Kipande kilicholiwa na mashine kilikuwa kama hivi." Akaipunguza mikono. Akaitanua tena. Ikabaki hewani, haijui pa kusimama. "Nilikadiria."

"Na goli la kusini?"

"Kule alama za zamani zipo, nazifuata na brashi tu. Huku ndiko walikopanda nyasi mpya timu ilipopanda ligi. Huku nilipima upya..."

Mzee akakaa chini, juu ya mstari wa goli aliouchora mwenyewe, chokaa ikamganda makalioni.

"Tano," akasema. "Mtoto wa watu kakosa tano."

Kumbukumbu nyingine ilikuwa inamchoma Mama Filimbi. Wageni nao walikosa penalti mbili kwenye goli hili hili, na siku hizo jukwaa zima lilisema ni nguvu ya ngoma zetu. Mgeni akikosa, ni ngoma. Tisa akikosa, ni Tisa.

"Naenda kumwambia kamisaa wa mechi," mzee akasema, anajikongoja kuinuka. "Naenda sasa hivi."

"Huendi popote."

"Mwanangu, kosa ni langu."

"Baba, nisikilize. Watu wana hasira za msimu mzima na hawana pa kuzitua. Wakisikia ni wewe, kwenye hiyo stoo watakutoa na godoro lako kabla jua halijafika utosini. Futa hii. Chora pale panapotakiwa, yaishe. Nani atapima?"

"Wewe umepima."

"Mimi sijapima kitu."

Maisha yake yote mzee hakuwahi kumsikia bintiye akidanganya. Akaichukua ile futi. Akailaza mara saba, akaongeza theluthi, akachora nukta mpya. Ya zamani akaimwagia udongo, akatandaza juu yake nyasi zilizokatwa, akazikanyaga na kiatu.

Saa saba mwamuzi akaja kukagua. Akavuta nyavu, akatazama mistari, akapita juu ya nukta bila hata kuinama.

"Safi, mzee," akasema.

Mzee Chaki akainamia ndoo yake, akakoroga chokaa isiyohitaji kukorogwa.

*

Makao makuu ya mashabiki ni saluni ya Kinyozi, hatua chache kutoka geti kuu. Kinyozi ndiye makamu wa Mama Filimbi, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Tangu katikati ya msimu ameapa hatamnyoa mchezaji hata mmoja mpaka timu ishinde mechi mbili mfululizo. Kwa hiyo timu nzima inacheza ligi kuu na vichwa kama vichaka.

Mama Filimbi alipoingia, saluni ilikuwa imejaa pomoni. Nyuso zimepakwa rangi, ngoma zinajaribiwa, bango limekunjwa chini ya kioo.

"Mkuu kafika! Mpisheni mkuu!"

"Bango halipandi," akasema.

Mashine ya kunyolea ikazimika katikati ya kichwa cha mtu.

"Umesemaje?" Kinyozi akauliza.

"Halipandi. Na habari ya kumpa mgongo Tisa, hakuna. Leo tunaimba dakika zote tisini."

Kinyozi akacheka. Alipoona yuko peke yake, akaacha.

"Mama, Jumanne ulisimama juu ya kiti hicho alichokalia huyu bwana. Ukasema, akigusa mpira tunageuka wote, apige akiangaliwa na migongo. Tukashangilia mpaka kioo kile kikapata ufa. Leo Jumamosi. Katikati hapo kimetokea nini?"

"Nimefikiri."

"Kafikiri!" Akawageukia wenzake. "Jamani, kafikiri! Na nani kakusaidia kufikiri? Katibu wa klabu? Au Tisa mwenyewe kakuletea suruali ya kupunguza kiuno?"

"Chunga mdomo wako, wewe. Hilo koti ulilovaa nimelishona mimi."

"Na hili bango pia umelishona wewe. Herufi kwa herufi."

Yule bwana aliyenyolewa nusu akageuka kitini. Upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili msitu. Hakuna aliyepata nafasi ya kumcheka.

"Tupe sababu, Mama," akasema kwa upole. "Moja tu. Tukiridhika, nalichoma mwenyewe."

Sababu ilikuwa imemjaa mdomoni. Ilikuwa imefika kwenye meno. Halafu akaliona godoro la baba yake limetupwa barabarani, na ndoo ya chokaa imepinduliwa juu yake.

"Siwezi kusema," akajibu.

"Basi na sisi hatuwezi kusikia." Kinyozi akalibeba bango begani. "Tena nikwambie la ziada, ili usiseme hukuambiwa. Tukishuka daraja leo, tunamsindikiza mtu wetu mpaka stendi ya mabasi. Kwa miguu, mchana kweupe. Anakokaa tunakujua na mabegi yake tunayajua."

"Na akikataa kutembea?"

Kinyozi akawasha mashine, akaizima, akaiwasha tena.

Wakatoka wote, na ngoma zao, na spika ya mkono ambayo Mama Filimbi huongozea nyimbo. Bango alilolishona kwa siku nne likampita usoni mabegani mwa watu. Mama Filimbi akabaki na kioo chenye ufa na filimbi yake shingoni.

*

Saa tisa na robo alipita mlango wa stoo, ule unaotokea kwenye njia ya wachezaji. Alikuwa anamtafuta baba yake. Akamkuta Tisa.

Mshambuliaji wa ligi kuu alikuwa amekaa juu ya kreti, anafunga kamba za viatu, na pembeni yake kuna kikombe cha bati kinachofuka moshi. Mama Filimbi anakijua kikombe kile. Ni cha baba yake. Hata yeye bintiye hajawahi kukinywea.

Tisa akainuka aliposikia hatua. "Shikamoo, mama."

Msimu mzima amemwita kiazi, mlingoti, mguu wa meza. Na anapewa shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Nina neno la kukwambia. Ni kuhusu ile nukta."

"Iko mbali," Tisa akasema.

Mama Filimbi akashika mlango.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu penalti ya pili. Ya kwanza nilijilaumu. Baada ya ya pili nikaja alfajiri nikapima kwa miguu. Penalti ndiyo kazi yangu, mama. Mguu unajua."

"Na ukanyamaza? Tunakutukana wewe, tunamtukana mkeo sokoni, na wewe umekaa kimya?"

Tisa akakinyanyua kile kikombe, akakitazama.

"Mji huu mzima kuna mtu mmoja tu hajanizomea. Kila nikija mazoezini alfajiri ananiletea chai. Ananiambia, 'Leo nyasi zina umande, fupisha hatua.' Hajui kama najua. Ningefungua mdomo, ungekuwa mwisho wake hapa." Akanywa. "Nikaona, basi, nijifunze kupiga kutoka mita kumi na mbili. Tangu niikose ile ya tano nimepiga pale kila siku, mipira hamsini. Naanzia mstari wa boksi, hatua tano, naachia. Sasa hivi hata unifunge kitambaa machoni, haitoki nje."

Mama Filimbi akapiga hesabu upesi. Mstari wa boksi uko palepale. Nukta imesogezwa mita nzima kuelekea golini.

"Tano?" akauliza.

"Tano."

"Tisa, sikiliza vizuri. Asubuhi ya leo mimi na baba tume..."

"We Tisa!"

Kocha alikuwa mlangoni, macho mekundu kama hajalala tangu timu ipande. "Wenzako wanajipanga mstari, wewe unapiga soga? Na huyu si ndiye yule mama wa bango? Kafuata nini humu? Walinzi!"

"Nisikilize kwanza, kocha..."

"Walinzi!"

Wakamkamata mikono miwili. Akapiga kelele akiwa anaburutwa, "Imehamishwa! Tisa, tumeihamisha!" Lakini timu zilikuwa zinaingia, na kelele za watu elfu kumi na mbili zikamiminika kwenye ile njia kama maji kwenye bomba. Tisa aligeuka mara moja tu. Akaweka mkono sikioni. Akatikisa kichwa.

Hakusikia.

*

Kipindi cha kwanza, bila kwa bila.

Kipindi cha pili timu ikawa inashambulia goli la kaskazini. Bango likapanda: TISA, NJIA NI ILE. Mshale mwekundu umeelekezwa getini. Kila Tisa alipogusa mpira, jukwaa zima liligeuka. Hakuna wimbo, hakuna ngoma. Migongo elfu tatu na uso mmoja, wa Mama Filimbi, ameshika uzio kwa mikono yote miwili.

"Geuka na wewe," Kinyozi akamwambia bila kumtazama. "Unatutia aibu."

"Nitazame mwenyewe kwanza, halafu uniambie kuhusu aibu."

Dakika ya themanini bado ilikuwa bila kwa bila. Kwenye kiti chake kidogo karibu na kona, Mzee Chaki alikuwa ameinama. Kamba yake iko mapajani.

Dakika ya themanini na sita Tisa akaingia kwenye boksi na mpira mguuni. Beki mmoja akapitwa. Wa pili akajitupa na miguu yote miwili. Tisa akaenda hewani, akaanguka kama gunia.

Filimbi. Mwamuzi akanyoosha mkono.

Penalti!

Hapo ndipo ungewahurumia, msomaji wangu. Watu wamempa mtu mgongo, na shingo zao zinataka kugeuka zenyewe. Kuna waliofumba macho. Kuna mmoja alikuwa anamuuliza jirani yake, "Nani anapiga? Usiniambie ni yeye. Ni yeye?"

Ni yeye. Tisa aliuchukua mpira, akatembea huku ameinamisha kichwa. Hakuitafuta nukta kwa macho. Aliitafuta kwa mguu, kama alivyofanya kila alfajiri. Dakika themanini na sita za viatu vya mpira zilikuwa zimezikwangua zile nyasi zilizotandazwa, na pale chini weupe wa zamani ulikuwa unachungulia. Tisa akauweka mpira juu yake.

"Refa! Hapo siyo!"

Alikuwa kipa wa wageni. Alitoka golini mbio, akaionyesha nukta mpya, kisha ya zamani. "Ziko mbili! Uwanja gani huu una nukta mbili?"

Mwamuzi akainama. Akaikwangua ile ya zamani na kidole, akakitazama kidole. Kikawa cheupe.

"Nani anachora uwanja huu?" akauliza.

Kwenye kile kiti cha kona, mtu akasimama. Akaikusanya kamba yake taratibu, akaanza kutembea kuelekea katikati ya boksi, mzee mwembamba mwenye chokaa makalioni, mbele ya macho ya uwanja mzima.

"Kumbe ni hiki kizee!" sauti ikatoka jukwaa la pili, kwa watu waliokuwa wameziona nukta mbili na ile kamba. "Kizee kimetuua!"

Chupa ikaruka, ikatua hatua moja kutoka kiatu chake. Hakuinua kichwa. Ya pili ikampata begani.

Mama Filimbi akapuliza.

Ilikuwa ile ndefu, ile ambayo jukwaa la kaskazini linaijua, ya kusema nyamazeni wote. Kimya kikashuka. Akamgeukia Kinyozi, akanyoosha mkono.

"Lete spika."

"Sikupi."

"Ilete, mdogo wangu. Ulitaka sababu, sasa nakupa."

Kinyozi akamtazama. Kitu fulani usoni mwa yule mama kilimfanya aachie.

"Ndugu zangu!" Sauti ikapasuka, akaikohoa. "Nukta ile ilikuwa mita kumi na mbili msimu mzima. Mnasikia? Kumi na mbili! Nimeipima leo asubuhi na futi hii ninayowapimia nguo. Kamba ilikatika, ikaungwa vibaya. Aliyeiunga ni yule mzee mnayempiga chupa, na yule mzee ni baba yangu mzazi!"

Aliyekuwa na chupa mkononi akaishusha.

"Tisa alijua! Alijua tangu penalti ya pili. Akameza matusi yetu ili mzee wangu asifukuzwe. Mimi nimejua leo tu, nikanyamaza. Ila yeye alinyamaza akiwa anatukanwa, mimi nilinyamaza wakati mtukanaji ni mimi. Ndala zangu hizi hapa! Nilijaribu nazo leo, mpira haukufika hata golini. Anayetaka kunizomea anizomee. Lakini mgeukieni mtu wetu, jamani. Mgeukieni!"

Mwanzoni hakusogea mtu. Halafu yule bwana wa kichwa nusu akageuka, kofia mkononi. Kisha mama mmoja mwenye ngoma. Kisha safu nzima. Bango likalegea upande mmoja, likaanguka, watu wakalikanyaga. Wa mwisho kugeuka alikuwa Kinyozi, na alipogeuka macho yake yalikuwa yamelowa na hakujisumbua kuyafuta.

Chini uwanjani, waamuzi wasaidizi walikuwa wamenyoosha tepu ya chuma. Kumi na moja kamili, kwenye nukta mpya. Mpira ukawekwa hapo. Mzee Chaki akaambiwa akae pembeni.

Tisa akarudi kwenye mstari wa boksi. Akautazama mpira. Mama Filimbi akaiona midomo yake ikihesabu, akajua anahesabu nini. Tano. Mguu umezoea tano. Akikimbia tano, ataupiga akiwa hajaufikia.

"Sita!" akapiga kelele kwenye spika. "Tisa! Imesogea! Ni hatua sita!"

Tisa akainua kichwa. Safari hii alisikia.

"Sita!" Kinyozi akadakia, bila kujua sita ya nini. Jukwaa nalo likadakia, halikujua, halikuuliza. Mwamuzi akapuliza, Tisa akaondoka mstarini, na sauti elfu tatu zilizomtukana msimu mzima zikaanza kumhesabia hatua.

"Moja!"

"Mbili!"

"Tatu!"

"Nne!"

"Tano!"

Na ile ya sita ngoma zote zikaipiga kwa pamoja.

Kipa alikwenda kushoto. Mpira ulikwenda kulia. Zile nyavu alizozivuta mwamuzi saa saba mchana zikavutika tena, safari hii kwelikweli.

Goli!

Sitakueleza kilichotokea jukwaani, maana hata waliokuwepo hawakumbuki vizuri. Kuna mtu alipoteza kiatu na hakijaonekana mpaka leo. Kinyozi alikuwa amemkumbatia asiyemjua, analia, "Nitamnyoa! Vichwa vyote nitavinyoa! Mpaka wazeeke!" Dakika nne zilizobaki zilikwenda kama mwaka. Filimbi ya mwisho ilipolia, timu ilikuwa imebaki ligi kuu.

Mama Filimbi aliruka uzio. Ndala moja ikabaki juu. Alikimbia mpaka pembeni ya uwanja, pale alipokaa baba yake, na Tisa alikuwa amefika kabla yake, ameshika bega la mzee lililopigwa chupa.

"Ulijua," mzee alikuwa anamwambia. "Mwanangu, ulijua, ukawa unakunywa chai yangu."

"Ilikuwa chai nzuri, mzee."

"Naomba mnipishe."

Wakageuka. Alikuwa kamisaa wa mechi, msimamizi aliyetumwa na ligi, suti ya kijivu, daftari wazi. Nyuma yake amesimama kiongozi wa timu ya wageni, mikono kifuani, na hakuwa na sura ya mtu aliyefungwa.

"Wageni wameweka pingamizi," kamisaa akasema. "Uwanja kuwa na kasoro, hilo ni faini. Linasameheka. Lakini mchezaji akiwa anajua kasoro na akaificha, sheria ya ligi inasema mechi zote alizocheza akiwa anajua zinafutwa. Ushindi wote. Pamoja na wa leo."

Nyuma yao jukwaa lilikuwa bado linaimba.

"Mama huyu ametangaza kwenye spika kwamba mchezaji alijua. Uwanja mzima umesikia. Lakini yeye ni shabiki, neno la shabiki siwezi kuliandika. Wewe, mzee, ni mwajiriwa. Miaka thelathini na moja, na wanasema hujawahi kusema uongo." Akatoa kalamu. "Nijibu wewe. Mchezaji huyu alijua, au hakujua?"

Mama Filimbi akasogea akasimama mbele ya Tisa. Alikuwa ameutaka ukweli umwokoe Tisa, na ukweli ule ule ndio uliokuwa unataka kuwazika wote.

Mzee Chaki akamtazama bintiye, mguu mmoja una ndala, mmoja hauna. Akamtazama Tisa. Akapangusa chokaa mikononi, akaizungusha kamba yake taratibu mpaka yale mafundo mawili yakafika kiganjani, akayafumbata.

"Andika," akasema. "Na uandike vizuri, bwana mkubwa, maana nitasema mara moja tu."

Alichosema, utakisoma Jumamosi ijayo.